Sarufi Haikai Ubaoni

Imekwisha kuwa itikadi miongoni mwa wazazi wengi, na hata miongoni mwa walimu wanaostahili heshima, kwamba mtoto hawezi kunena Kiingereza sahihi mpaka kwanza azihifadhi kanuni zake zote kwa moyo, na haja ya kuzitumia ingoje miaka ijayo. Itikadi hii naipinga kwa dhati, kwa sababu imewadhulumu vijana wetu kwa muda mrefu, nayo huheshimiwa kama elimu ilhali ni taabu isiyo na tija.

Ukipita nje ya madarasa yetu, hapa Pugu, Dar es Salaam, na kwingineko, aghalabu utasikia sauti zikiimba kwa pamoja: go, went, gone. Wimbo huo wanafunzi wanaujua barabara. Walakini muulize mmoja wao, kwa Kiingereza, jana alikwenda wapi, naye atainamisha uso. Si kwa ujinga, bali kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kwamba neno lile la katikati ndilo analolihitaji kulijibu swali hilo. Mwaka 1984 wataalamu Criper na Dodd walibainisha katika ripoti yao kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari nchini hakikutosha kusomea masomo mengine, nasi hata leo twaendelea kuimba.

Karibu na madarasa hayo upo mnada wa mifugo wa Pugu, uletewao ng'ombe kutoka mikoa ya bara, na huko nyakati za vitenzi zina kazi ya kweli. Mnunuzi anayeuliza kama fahali yule ameshauzwa anataka kujua hali ya sasa, maana fedha anayo mkononi. Karani anayeandika kwamba aliuzwa Jumamosi anahifadhi habari iliyokwisha. Mwalimu akiwafanya wanafunzi wake wachuuzi, wanunuzi na makarani, wakaulizana na kujibizana, tofauti ya has been sold na was sold itawabainikia kwa haja ya biashara yenyewe. Vivyo hivyo kauli ya kutendwa: badala ya kugeuzageuza sentensi za paka na maziwa, na waeleze jinsi kaolini, udongo mweupe wa vilima vya Pugu, unavyochimbwa, unavyooshwa na unavyokaushwa, kwani hapo anayetajwa ni udongo, wala hakuna haja ya kumtaja mchimbaji, na kwa sababu hiyo kauli ile ikawapo.

Wapo watakaosema kwamba mtihani wa taifa hauulizi habari za mnada, na kwamba darasa lililofurika haliwezi kufanywa soko. Lakini mtihani hudai insha, barua na ufahamu, na mitaala ya sekondari tangu mwaka 2005 yadai umahiri. Wala hakuna mtahini anayetoa alama kwa wimbo. Ama wingi wa wanafunzi, huo ndio hasa unaotulazimisha kubadili njia, maana mbele ya ubao husema mmoja na wengine hunyamaza, ilhali wawili wawili katika madawati yao husema wote. Wala sisemi kanuni zitupwe: sharti zije, zitajwe na zisahihishwe, baada ya mwanafunzi kuonja uhitaji wake.

Julius Nyerere alifundisha hapa Pugu, katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko, na mwaka 1955 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuitetea Tanganyika kwa Kiingereza. Kanuni alizijua, naam, lakini zilimfaa kwa kuwa alikuwa na jambo zito la kusema na watu wa kuwaambia. Vijana wetu nao wana mambo ya kusema. Basi mzazi anayempima mwalimu kwa wingi wa kurasa zilizojazwa daftarini na akiache kipimo hicho, amsikilize mwanawe akinena, na amvumilie akikosea, maana asiyeruhusiwa kukosea darasani atanyamaza maisha yake yote.