Ngozi ya Mafuta Si Ngozi Chafu

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi katika nyumba, shule za bweni na saluni za Afrika Mashariki, imo ile inayoshikilia kwamba uso unaong'aa kwa mafuta ni uso usiooshwa vya kutosha, na kwamba chunusi ni malipo ya uchafu. Kwa sababu ya imani hiyo, kijana mwenye chunusi huamriwa kunawa uso mara nyingi kwa siku kwa sabuni ya kipande na kujisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikakamae, na ukakamavu huo huchukuliwa kuwa ndio ushahidi wa usafi. Imani hii haina msingi katika elimu ya ngozi, na madhara yake hayaishii usoni, kwa kuwa humfundisha kijana kuuonea haya mwili unaokua kama unavyopaswa kukua.

Mafuta ya ngozi, ambayo wataalamu huyaita sebamu, hutengenezwa na tezi ndogo zilizoshikamana na mashina ya vinyweleo, nazo hupatikana kwa wingi zaidi usoni, kichwani, kifuani na mgongoni. Kiasi cha mafuta hayo hutegemea hasa urithi, umri na homoni, yaani kemikali ambazo mwili huzituma kupitia damu ili kuviongoza viungo vyake. Na homoni za kundi la androjeni, zinazoongezeka kwa wavulana na wasichana wakati wa kubalehe, ndizo zinazozichochea zaidi tezi hizo. Sabuni huondoa mafuta yaliyokwisha kufika juu ya ngozi, lakini haina amri juu ya tezi zinazoyatengeneza, ndiyo maana mng'ao hurudi baada ya saa chache hata kwa mtu aliyejisugua mpaka akaumia.

Chunusi nazo hazianzii juu ya ngozi. Huanzia ndani ya kitundu cha kinyweleo, pale seli zilizokufa zinapogandamana na mafuta na kuziba njia, ndipo bakteria waitwao Cutibacterium acnes, ambao huishi hata katika ngozi za watu wasio na chunusi kabisa, wanapozaliana na kuchochea uvimbe. Hata vile vidoa vyeusi vya puani, ambavyo wengi huvidhania kuwa ni vumbi lililonasa, weusi wake hutokana na melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, pamoja na mafuta yaliyobadilika kwa kukutana na hewa. Kwa kuwa kizibo kimo ndani, dodoki haliwezi kukifikia. Liwezalo ni kuijeruhi ngozi iliyokizunguka na kuuzidisha uvimbe uliokuwapo.

Ubaya wa sabuni kali umejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1928 watafiti wa Ujerumani, Heinrich Schade na Alfred Marchionini, walieleza kwamba juu ya ngozi pana utando mwembamba wenye asidi, na elimu iliyofuata imeonyesha kuwa asidi hiyo huisaidia ngozi kujenga tabaka lake la nje na kuwadhibiti vijidudu. Katika kipimo kiitwacho pH, ambacho 7 ni katikati na tarakimu za chini yake huonyesha asidi, ngozi yenye afya huwa karibu na 5, ilhali sabuni nyingi za kawaida za kipande hufika 9 au 10. Mwaka 1979 Peter Frosch na Albert Kligman walichapisha njia ya kupima sabuni juu ya ngozi za watu, na ikabainika kwamba sabuni hutofautiana sana kwa ukali. Kwa hiyo ukakamavu unaosifiwa kuwa ni usafi ni dalili ya ngozi iliyonyang'anywa mafuta yanayoziunganisha seli zake za nje na kuyazuia maji ya mwili yasipotee.

Watetezi wa msuguo hudai kwamba elimu hii iliandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, na kwamba joto la Dar es Salaam au Mombasa, pamoja na jasho na vumbi lake, lina masharti yake. Ni kweli kwamba jasho linapaswa kuoshwa, na hakuna mtaalamu anayelikataa hilo: chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani, American Academy of Dermatology, hushauri kunawa uso mara mbili kwa siku na kila baada ya kutokwa na jasho jingi, kwa sabuni laini na kwa ncha za vidole. Lakini kuondoa jasho ni jambo moja na kuikwangua ngozi ni jambo jingine, na joto halihalalishi kuyachanganya mawili hayo. Anayetafuta kisababishi cha chunusi kutoka nje angefanya vyema kuyachunguza mafuta anayojipaka kabla ya kulilaumu vumbi, kwa maana mwaka 1970 Kligman na wenzake walieleza aina ya chunusi za paji la uso zilizotokana na mafuta mazito ya nywele waliyopaka wanaume weusi wa Marekani. Mafuta ya nazi pia, yafaayo sana kwa miguu inayoparara, huweza kuviziba vitundu vya uso wenye tezi nyingi.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi, gharama ya kosa hili ni kubwa zaidi. Ngozi yenye melanini nyingi hujibu kila jeraha na kila uvimbe kwa kuongeza rangi mahali palipoumia, na doa jeusi linaloachwa hapo huweza kudumu kwa miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kupona. Msuguo huyazidisha madoa hayo, na aliyeyapata kwa kujisugua hushauriwa ayaondoe kwa mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ngozi, ambamo mara nyingi hukutwa hidrokwinoni, steroidi kali au zebaki. Steroidi zikitumiwa ovyo huikondesha ngozi na zenyewe huzalisha chunusi. Zebaki hudhuru figo, na ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ukaviwekea vipodozi vyenye zebaki marufuku. Hivyo mtu aliyeanza na chunusi chache za ujanani hufikishwa kwenye sumu na imani iliyojidai kumsafisha.

Utaratibu unaoifaa ngozi ni mfupi kuliko wauzaji wanavyotaka uwe. Kwanza, mtu huacha sabuni kali kwa wiki kadhaa, kwa kuwa ngozi iliyochokozwa huficha tabia yake halisi. Kisha hunawa uso kwa sabuni laini, hukaa bila kupaka chochote kwa muda wa saa moja, na hutazama. Uso unaovuta na kuparara ni mkavu, unaong'aa pande zote ni wa mafuta, na unaong'aa kwenye paji, pua na kidevu pekee ni wa mchanganyiko. Baada ya hapo mambo matatu hutosha: kunawa taratibu asubuhi na usiku, kupaka kilainishi, ambacho kwa ngozi kavu huwa krimu nzito au mafuta ya mgando na kwa ngozi ya mafuta huwa losheni nyepesi isiyoziba vitundu, na kupaka mchana krimu ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, kwa sababu jua huyakoleza madoa hata kwenye ngozi nyeusi. Mwenye ngozi ya mafuta asikiruke kilainishi, kwa kuwa mafuta na maji ni vitu viwili, na uso unaong'aa kwa mafuta huweza kuwa na upungufu wa maji.

Chunusi zikiendelea, dawa zipo, kama benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hadi 5, nazo huhitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumiwa. Zile zinazouma au kuacha makovu ni kazi ya daktari. Lakini hakuna dawa itakayofanikiwa juu ya ngozi inayokwanguliwa kila siku, wala kijana aliyekwisha kuitwa mchafu hatakuwa mwepesi wa kuomba msaada. Mzazi na mwalimu wanaomtakia mema wana wajibu wa kumwondolea dodoki usoni na lawama masikioni, wamweleze kwamba kinachotokea ni kazi ya homoni, na wamsaidie kupata matibabu yanayostahili ugonjwa, kwa sababu chunusi ni ugonjwa na haijapata kuwa kosa la usafi.