Mwacheni Apige Yowe

Kila msichana aliyekulia kwenye nyumba ya vurugu anaposema kwamba filamu za kutisha ndizo zilizomtuliza, hakosi mtu mzima wa kumwuliza mbona hakutazama vichekesho. Swali hilo limenichosha, ndiyo maana toleo hili la jarida lipo.

Wahakiki nao wana lao. Tangu mhakiki Carol Clover atoe kitabu chake kuhusu filamu za kutisha mwaka 1992, mjadala umemng'ang'ania yule binti anayebaki hai mwishoni, mwerevu, anayemgeuzia kibao muuaji. Humu ndani makala tatu zinamsifu, na zimeandikwa vizuri. Mimi nashikilia kuwa aliyeumizwa hamtafuti mshindi. Habari za kushinda anazisikia kila siku kwa walimu na shangazi: jikaze, yatapita. Anamtafuta aliyeshindwa kujikaza hadharani.

Mtazameni Isabelle Adjani katika Possession ya Andrzej Żuławski, 1981. Yuko peke yake kwenye njia ya chini ya kituo cha treni, Berlin Magharibi, na mfuko wa vyakula mkononi. Anacheka, anapiga yowe, anaubamiza mfuko ukutani hadi maziwa yanatapakaa, anagaagaa sakafuni. Kamera haimwonei haya, wala hatokei daktari kututajia ugonjwa. Cannes walimtuza kuwa mwigizaji bora wa kike. Wasambazaji wa Marekani wakaikata filamu zaidi ya dakika 40. Najua, Żuławski aliitunga akiwa na machungu ya kuachana na mkewe, na wapo watakaosema mwanamke yule ni kisasi cha mume. Huenda. Lakini binti wa miaka 15 hana sababu ya kumtazama kwa jicho la mume.

Kier-La Janisse alilisema hili mapema. Katika House of Psychotic Women, 2012, anasimulia ujana wake uliovurugika sambamba na filamu za wanawake waliorukwa na akili, na hamwombi mtu radhi.

Makala ya Carrie, ile ya 1976, isomeni kwa jambo moja: mwandishi ameona kwamba balaa linaanzia kwa binti aliyevunja ungo akiwa hana somo wala kungwi, mama kazi yake kumfungia kabatini asali. Nguvu za kurusha vitu bila kuvigusa ni nyongeza. Mapitio ya filamu ya Ginger Snaps ni mafupi na yanatosha. Ushauri kwa wazazi umeingia kwa shinikizo la bodi. Mtaukuta ukurasa wa mwisho.