Nguvu ya kubeba si nguvu ya kukimbia

Siku ya tarehe 1 Mei inakaribia, na vijana wetu wameanza kujitayarisha kwa mbio ya meta 100. Wengi wanafikiri kwamba mutu mwenye kubeba gunia na kupiga nyundo siku nzima atawapita wengine bila shida. Sivyo. Na jambo hili linatuhusu siye wote, juu kijana akipasuka musuli wa paja, kesho yake hawezi kufika ku kazi, na yule anayelipwa kwa siku anarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka 2000, wanasayansi wa Marekani walipima wakimbiaji. Waliona kwamba mwenye mbio si yule anayezungusha miguu haraka zaidi hewani, ni yule anayesukuma chini kwa nguvu kubwa zaidi. Lakini muguu wa bingwa unagusa chini kwa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde tu. Nguvu inayokuja polepole inakuta muguu umekwisha kuondoka.

Kwa hiyo mazoezi yote hayalingani. Kuinua chuma kizito mara tatu mpaka tano, kisha kupumzika dakika kadhaa, kunajenga nguvu kubwa, na kunasaidia sana meta za kwanza. Kuruka, kwa miguu miwili ao kwa mumoja, kunafundisha mwili kutoa ile nguvu upesi. Kuinua vitu vyepesi mara nyingi mpaka mutu anachoka kunaleta uvumilivu, lakini mwendo unaongezeka kidogo tu. Kazi yetu ya kila siku iko karibu na hii ya mwisho. Tena, hakuna zoezi linalochukua nafasi ya kukimbia kwenyewe, kwa mwendo wote, na mapumziko ya kutosha kati ya mbio na mbio.

Vipaji kuko. Gary Kikaya, mutoto wa inchi yetu, alikimbia meta 400 kwa sekunde 44,10 mwaka 2006, na hiyo ilikuwa rekodi ya Afrika wakati ule.

Kwa wakubwa wa kompani tunasema: musitoe paka jezi na kombe. Mutoe uwanja, vyuma, na mwalimu anayejua kazi yake. Na kijana atakayekimbia asipangwe zamu ya usiku siku mbili kabla ya mbio.

Kwa ninyi vijana na wazazi: kuinua chuma mara mbili kwa juma kunatosha, na isiwe mara tu baada ya zamu nzito. Anayeanza aanze na uzito mudogo, ajifunze kwanza namna ya kuchuchumaa vizuri. Kula na kulala ni sehemu ya mazoezi, juu musuli unajengwa wakati wa kupumzika.

Maombi haya tutayapeleka kwa wakubwa kwa maandishi, mbele ya tarehe 1 Mei. Na jibu lao tutawajulisha.