Mashine ya presha haijui dawa ulizomeza

Kuna watu wapendao soka, na kuna sisi tupendao hadithi za kubuni za sayansi, zile za vyombo vya angani na mashine zenye akili. Jamaa zetu hutuvumilia, hasa Jumapili tunapotandaza nyaya mezani na kufungua redio ambayo haikuwa imeharibika.

Katika michezo ya Star Trek, iliyoanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1966, daktari McCoy hubeba kijisanduku cha ajabu. Hukielekeza kwa mgonjwa na papo hapo akajua kinachomsumbua. Hakuna kutoboa kidole, hakuna kikopo cha mkojo, wala foleni ya maabara. Madaktari wengi tumekionea kijicho kisanduku hicho. Mwaka 2017 Basil Harris, daktari wa dharura huko Marekani, pamoja na ndugu zake na marafiki, walipewa dola milioni 2.6 katika shindano la kuunda chombo cha namna hiyo. Hata hivyo, hakuna kundi lililotimiza masharti yote ya shindano.

Lakini vipande vya kisanduku cha McCoy tayari viko mjini. Ingia duka lolote kubwa la dawa na utauziwa mashine ya kupima presha, kipimajoto cha mfano wa bastola, na kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kwa mwanga. Hicho cha mwisho kilitokana na wazo la Mjapani Takuo Aoyagi mnamo 1974, na wengi wetu tulikijua wakati wa Korona.

Hapa ndipo nina neno nawe, msomaji. Kununua mashine ni jambo jema. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Presha haipigi hodi. Wengi huijua siku ya kiharusi, au figo zinapokuwa zimeharibika. Kwa hiyo pima. Lakini pima kama fundi, si kama mtu anayetazamia bahati nasibu.

Fundi wa umeme mwenye busara, testa yake ikikataa kuwaka, hakimbilii kusema kwamba stima imepotea. Kwanza huijaribu testa yenyewe mahali anapojua pana umeme. Vipimo vina kasoro zao. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 uligundua kuwa kile kibanio cha oksijeni kilikosa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa wazungu. Mgonjwa akihema kwa shida, usibishane naye kwa sababu kidude kinasema yuko sawa. Mpeleke hospitali.

Mashine ya presha nayo ina masharti. Nenda haja kwanza. Usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko chini na haikupishana. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo, na kile kitambaa kinachojaa hewa kiwe cha kukutosha. Kikiwa kidogo kwa mkono mnene, kitakupandishia presha ya bure. Usizungumze. Pima mara mbili, uandike. Ukifanya hivyo kwa siku kadhaa na wastani ukafika 135/85 au zaidi, peleka daftari hilo kliniki. Ikipita 180/120 nawe una maumivu ya kifua, unahema kwa shida, umelegea upande mmoja au ulimi umekuwa mzito, usingoje asubuhi.

Sasa lile linalonikosesha usingizi. Mgonjwa huanza dawa, hupima nyumbani, huona 120/80, na kwa furaha huacha dawa. "Daktari, si nimepona?" Hapana. Fikiria ile stabilaiza uliyoiwekea friji kwa sababu ya stima ya mtaani kwenu. Mwaka mzima friji haijaungua. Je, utaing'oa kwa kuwa umeme sasa umetulia? Umeme haujatulia hata kidogo. Ni stabilaiza inayofanya kazi. Ile 120/80 ni jasho la dawa. Mashine inapima msukumo wa damu tu. Haijui ulimeza nini asubuhi, wala haijui kwamba tembe zitakwisha Ijumaa na karo inadaiwa Jumatatu. Kama shida ni bei, au dawa inakuletea kikohozi, kizunguzungu au kuvimba miguu, sema. Ziko nyingine, na kazi ya kuchagua ni yetu sote wawili.

McCoy, mwasikia, hakuwa mtumwa wa kisanduku chake. Aliuliza maswali, akanung'unika, akambishia hata nahodha. Waliobuni mchezo ule walijua kwamba chombo bila mtu wa kukifasiri ni taa tu inayomemeteka.

Na kwa wasiojua, baadhi ya vyombo vya tiba alivyoshika McCoy vilikuwa vichupa halisi vya kunyunyizia chumvi. Vilinunuliwa kwa ajili ya kipindi kimoja, vikaonekana vya kigeni mno kuwa vya chumvi, basi akapewa daktari. Hicho ndicho kichupa pekee cha chumvi ninachokijua kilichowahi kutibu mtu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate, soseji na vidonge vya mchuzi. Cha kwako mezani, tafadhali, kirudishe kabatini.