Safari Yetu Ijayo Iwe Karema

Wanafunzi wenzangu, sisi tukaao bwenini hapa Majengo, kila safari ya masomo ni kwenda Katavi kutazama viboko. Si vibaya. Lakini Karema, mkoani mwetu humu humu, iko ngome ya kale yenye habari za ajabu.

Kapteni Cambier, Mbelgiji, aliianzisha mwaka 1879 kwa ajili ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Aliiweka mahali pa juu kando ya Ziwa Tanganyika. Kumbe mwaka 1878 ziwa lilikuwa limepasua njia ya mto Lukuga, upande wa Kongo! Maji yakashuka mwaka hata mwaka, ufuko ukaihama ngome. Mwaka 1885 Wabelgiji waliwaachia Mapadre Weupe.

Jina la Cambier limo vitabuni. Je, waliomjengea? Nilimwuliza bibi yangu, mzaliwa wa huko. Akasema, "Mjukuu wangu, walionisimulia mimi wamekwisha wote."

Basi nawaomba walimu, na ninyi wazazi mtakaotoa nauli, twende Karema na madaftari yetu. Tuanze kwa wazee, kisha ndipo tukapime kuta. Viboko tutawaona mwakani.