Mtumbwi juu ya gari, remorki nyuma, watoto ndani: hadi lini?



Juma hili nilisimama karibu na bariere moja kwenye barabara ya Uvira kwenda Baraka. Ilifika gari ya aina ya pikapu. Juu yake kulifungwa mtumbwi mrefu wa mbao, pua yake imepita kichwa cha gari na mkia umening'inia nyuma. Chini ya mkia huo gari ilikuwa inavuta remorki iliyojaa magodoro, masufuria, mbuzi wawili na magunia. Ndani ya mtumbwi, huko juu kabisa, walikaa mama wawili na watoto watano. Nilidhani wenye bariere watasimamisha gari ile. Waliisimamisha kweli. Shofere alitoa pesa, kamba ikashushwa, gari ikaenda.

Nasema wazi: hiyo si safari. Ni kucheza na roho za watu, na kila mmoja anajua.

Nilipomuuliza shofere mbele hajaondoka, alicheka: « Muandishi, kamba ni nguvu. Tumezoea. » Kamba inaweza kuwa nguvu, lakini ubaya hauko kwenye kamba peke yake. Gari na remorki ni vitu viwili vyenye kiungo katikati, kama mkono wenye kiwiko. Ukifunga ubao kutoka begani hadi kwenye vidole, kiwiko hakikunjiki tena. Ndivyo wanavyofanya wale wanaofunga pua ya mtumbwi kwenye gari na mkia wake kwenye remorki. Gari ikikata kona, remorki inataka kugeuka, mtumbwi unakataa. Hapo ni kamba ikatike, ao mbao zipasuke, ao gari yote ilale ubavu.

Na hata kama mkia haukufungwa kwenye remorki, ungali ni hatari. Gari ikiingia kwenye shimo, mbele ya remorki inapanda na kugonga mtumbwi kutoka chini. Kwenye kona, mkia unapita nje ya njia na kufagia anayetembea kando, mara nyingi mama mwenye kubeba kitunga kichwani. Kwenye mteremko, remorki isiyo na freni zake inasukuma gari kutoka nyuma, na uzito wa mtumbwi ulio juu unaivuta kuanguka. Mtumbwi uliotoka majini jana ni mzito kuliko ule uliokauka, kwa sababu mbao zimekunywa maji. Tena kamba ya katani iliyolowa usiku si ile uliyoifunga asubuhi: inabadilika, na hakuna anayeshuka kuangalia.

Watu wataniambia: « Sheria ya wazungu haitufikii hapa. » Si kweli. Kongo imeingia katika mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani, na tuna sheria yetu ya barabara tangu mwaka 1978. Mapatano hayo yanasema mzigo usihatarishe watu, usimfiche shofere macho, usifunike taa. Na ule unaochomoza zaidi ya mita 1 mbele ao nyuma uwekewe alama. Kitambaa chekundu kinauzwa bei gani sokoni? Tukose hata hicho?

Najua jibu lingine, na hilo ndilo linaniuma. Mama mmoja aliyekuwa juu ya mtumbwi aliniambia: « Baba, huu mtumbwi ndio shamba letu. Tukiuacha, tutakula nini tukifika? » Sina neno la kumkosoa. Jamaa iliyokimbia vita ikaacha nyumba, ikaokoa mtumbwi na wavu, imeokoa mukeke na ndagala za kesho. Anayewalaumu hao hajawahi kuhama. Lakini umaskini wa mama yule si ruhusa kwa shofere kulipisha mzigo, kulipisha watu, halafu kuwapandisha watu juu ya mzigo. Na si ruhusa kwa mwenye bariere kuona watoto wale na kuhesabu franga.

Tumekwisha kuona mwisho wa mazoea haya. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanaona nchi kavu. Vita ilikuwa imefunga njia ya gari, basi watu walijazana majini. Wengi walikufa. Siku ile kila mkubwa alisema juu ya kujaza kupita kiasi. Mbona hawasemi mbele ya maiti?

Basi nasema mambo manne, na anayepinga aniandikie.

Kwanza, mtumbwi mzima usafiri majini, njiani mwake, ukisindikizwa na mtumbwi mwingine na kufuata ukingo wa ziwa, asubuhi kabla ya upepo. Pili, ikiwa ni lazima upite barabarani, uende peke yake: gari isiyovuta remorki, mtumbwi mkavu na mtupu, umefungwa katikati na kwenye ncha zote mbili, kitambaa chekundu nyuma, na shofere asimame kila mara kukaza kamba. Tatu, remorki iende safari nyingine, iwe na mnyororo wa pili wa kuishika ikiwa kiungo kitakatika, na mtu yeyote asikae ndani yake. Nne, mashirika yanayosaidia kuhamisha jamaa yasihesabu vichwa na magodoro tu. Waulize: nani ana mtumbwi? Safari mbili ni ghali kuliko moja, lakini matanga ni ghali zaidi.

Kwa mashofere: ninyi ni wandugu zetu, tunajua bei ya mafuta na ubaya wa njia. Lakini usukani uko mikononi mwenu. Kwa wenye bariere: mnapokata risiti, mnatia sahihi juu ya safari ile. Ikianguka kilomita mbili mbele, risiti yenu itakuwa mfukoni mwa shofere.

Na kwenu wamama na wababa: mtumbwi ukivunjika, fundi ataupiga misumari. Mtoto hana fundi. Mkiambiwa mpande juu, kataeni pamoja. Mmoja akikataa ataachwa njiani. Wote mkikataa, shofere atafungua remorki.

Mwandishi wenu, Uvira.