Wenye vitalu Mkoani wapime kwanza, wanunue baadaye

WILAYA ya Mkoani, kusini mwa kisiwa cha Pemba, inajulikana sokoni kwa karafuu na kwa bandari yake. Lakini miche ya mikarafuu, tungule na pilipili boga huanzia kitaluni, na kitalu huanzia kwenye maji. Hapo ndipo fedha zinapoweza kupotea bila mwenyewe kujua.

Wapo wanaoamini kuwa maji yaliyopita kwenye mtambo wa kuchuja ndiyo dawa ya miche inayodumaa. Imani hiyo ina hasara. Maji hayo yana kazi yake, lakini anayeyanunua bila kupima huenda ananunua tatizo jingine.

Kipimo cha pH huonyesha kama maji yana tindikali au alkali, kuanzia 0 hadi 14. Namba 7 ni katikati. Chini yake ni tindikali, juu yake ni alkali, na kila namba moja ni tofauti ya mara 10. Mimea mingi inayooteshwa kwenye unga wa makumbi au kwenye maji yenye mbolea hustawi baina ya 5.5 na 6.5. Namba ikipanda sana, mche hushindwa kufyonza madini ya chuma. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mkulima akidhani ni njaa ya mbolea huongeza mbolea, na hasara huwa mbili.

Maji ya visima vilivyochimbwa kwenye jiwe la matumbawe hubeba chokaa iliyoyeyuka, na ndani yake mna bikaboneti. Hiyo ndiyo inayopandisha pH ya kitalu siku hadi siku. Visima viwili vinaweza kusoma 7.5 vyote, kimoja kikahitaji tindikali kidogo na kingine mara kadhaa ya hiyo. Kwa hiyo namba ya pH peke yake haitoshi. Kiasi cha bikaboneti ndicho kinachoamua gharama.

Mtambo huondoa karibu chokaa yote, na maji hayo hurekebishika kwa urahisi. Lakini pia hayana kinga. Yakikaa wazi hufyonza hewa ya kaboni na kushuka hadi karibu 5.6 bila ya kutiwa kitu, na tindikali ikizidi kidogo huporomoka. Hata kipimo huyumba ndani yake, kwa kuwa chumvi zake ni chache mno. Ndiyo maana kuyarekebisha kabla ya kutia mbolea ni kazi bure. Mbolea itangulie, maji yakorogwe, yapimwe, ndipo itiwe tindikali kidogo kidogo ikihitajika. Aidha, mtambo huondoa kalsiamu na magnesiamu. Kalsiamu isiporudishwa, tungule huoza kitako, na tungule ya kitako cheusi haina mnunuzi.

Mtambo huo una mshindani asiyetoza bei, nayo ni mvua. Masika huanzia Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la bati la mita za mraba 50 likipata milimita 20 hupokea lita 1,000 kabla ya upotevu. Maji ya mvua nayo karibu hayana chokaa. Yakichanganywa nusu kwa nusu na ya kisima, bikaboneti hupungua kwa takriban nusu, kwa gharama ya mfereji wa bati na tangi.

Mtambo una nafasi yake pale kisima kilipoingiwa na chumvi ya bahari na tangi la mvua limekauka, kwani tindikali haiondoi chumvi. Hata hivyo, hesabu iwe kamili: umeme, machujio ya kubadilisha, na maji ya chumvi yanayotupwa.

Wanaotafuta njia ya mkato wajihadhari. Limau hushusha pH kwa muda tu, kwa sababu vijidudu huila tindikali yake. Tindikali ya betri kuukuu hubeba risasi, haifai kabisa kwenye chakula. Na tindikali yoyote hutiwa ndani ya maji. Maji hayamiminwi juu ya tindikali.

Tungule iliyoharibika huonekana msimu ule ule. Mkarafuu hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na anayenunua mche dhaifu hugundua amekwishatumia shamba na nguvu zake. Hivyo mwenye kitalu anayetaka wateja warudi aandike namba tatu kila wiki: pH ya maji yake, pH baada ya kutia mbolea, na pH ya maji yanayochuruzika chini ya vifuko vya miche. Hiyo ya tatu ndiyo inayoonyesha hali iliyopo mizizini. Mali bila daftari huisha bila habari, na kitalu nacho ni mali.